Ndoo Tatu Kabla ya Saa Nne

Taa ya tatu ilikuwa imeingiza maji tena. Karabai aliipindua juu ya goti, akaacha tone la mwisho lidondoke, kisha akafuta kioo kwa upindo wa shati la ndani, maana la nje lilikuwa limejaa magamba. Mashua ilikuwa imeshaburutwa nusu nchi kavu. Wenzake watano walikuwa wakikung'uta wavu, na dagaa walionasa kwenye matundu wakawa wanadondoka kama manyunyu. Ilikuwa saa moja kasorobo asubuhi. Yeye ndiye mtu wa taa. Kazi yake usiku ni kuzipanga juu ya maji ili dagaa wasogee, na asubuhi ni kuzihesabu, kuzifuta na kuzifunga. Jina la Karabai alipewa enzi za taa za kupampu mafuta, na hata tajiri wa mashua aliponunua taa za betri, jina halikubadilishwa.

Siku hiyo alikuwa na haraka, na hakutaka ijulikane.

Saa nne kamili dirisha la dawa za kifua kule zahanati hufungwa. Zahanati iko juu, kando ya barabara kuu, mwendo wa dakika arobaini kwa mtu mwenye mapafu mawili mazima, na Karabai hakuwa katika hesabu hiyo. Ilikuwa ni vidonge vinne kila asubuhi, mbele ya macho ya sista, na matibabu yote ni ya miezi sita. Leo ilikuwa siku ya thelathini na nane.

Si kwamba alikuwa mgeni wa dawa hizo. Mwaka uliopita alishafika siku ya sabini na moja. Siku ya sabini na mbili dagaa walikuwa wengi, mgao ukachelewa, akakuta dirisha limefungwa. Siku iliyofuata aliona haya kumkabili sista. Ya tatu alikuwa amelewa. Zikapita wiki mbili, zikawa mwezi, mpaka asubuhi moja alipokohoa kwenye leso na mkewe akaiona leso kabla hajaikunja. Aliporudi zahanati sista hakumgombeza. Alifungua kadi mpya, akaandika moja pale ilipostahili kuandikwa sabini na mbili, akamweleza taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia, kwamba akikatiza tena vidonge hivi vitakuwa kama maji ya kunywa kwake, na itabidi apelekwe hospitali kubwa ya mjini, dawa kali zaidi, miezi mingi zaidi, mbali na nyumbani. Pombe nayo ni hivyohivyo, alisema. Ini moja haliwezi kubeba mizigo miwili.

Karabai alielewa yote hayo. Kuelewa hakukuwa shida yake.

Watu wa bara wakisikia kwamba wavuvi hugawana pesa baa, hutikisa kichwa wakasema hao ndivyo walivyo. Lakini mambo yalikuwa na mpangilio wake. Mfanyabiashara wa lori hununua dagaa wote wa mashua kwa mkupuo na kulipa noti kubwa kubwa. Nahodha hawezi kuzichana noti vipande sita. Ufukwe mzima hakukuwa na duka lenye noti ndogo za kutosha isipokuwa baa moja, ya mama mmoja mnene, mcheshi, asiyewahi kusahau jina la mtoto wa mtu. Watu walimwita Mama Chenji. Alikuwa na sanduku la bati lililojaa noti za kila aina, na alikuwa na msemo wake akilifungua: chenji yangu haitoki kavu. Maana yake, kila anayekaa mezani kusubiri mgao aagize kwanza. Soda zilikuwepo, za moto, kwa bei ya bia. Hata wakala wa pesa za simu alikuwa amepangishwa kibanda ubavuni mwa baa hiyohiyo, na mlango wake ulifunguka kwa ndani.

Nyumba ya baa ilikuwa mali ya tajiri wa mashua. Karani wake ndiye aliyekaa pale na daftari. Kwa hiyo pesa ya tajiri ilitoka mfuko mmoja asubuhi, na kufikia alasiri ilikuwa imeshaingia mfuko wa pili. Inawezekana hakuna aliyelipanga hilo kwa ubaya. Kama yupo, hakuwahi kulisema.

Kulikuwa na jambo jingine. Mgao wa mtu asiyekuwepo uliwekwa katikati ya meza na kunywewa. Hawakuliita wizi. Waliliita adabu ya kazi: mmekesha pamoja kwenye baridi, mmeinamia maji yaleyale ambayo mwaka juzi yaliwameza watu wanne wa mashua ya jirani, sasa wewe unakimbilia wapi? Kwa hiyo ukienda zahanati unakosa pesa, na ukisubiri pesa unakosa zahanati. Tena ukisubiri, unasubiri ukiwa na glasi mbele yako.

Jana yake Karabai alisubiri. Aliagiza soda, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Mtu akamsogezea bia, kwa wema tu, kwa mazoea. Wakazungumza, wakacheka. Sumaku, mwenzao wa mashua, alikuwa anasimulia namna mama mkwe wake alivyomkuta amelala kwenye banda la mbuzi. Karabai alicheka mpaka machozi, na alipomaliza kucheka akagundua kwamba ana povu kwenye masharubu. Hakukumbuka kuinua glasi. Aliimwaga iliyobaki chini ya meza, mgao ulipotoka akauchukua, akapanda kilima, akameza vidonge vyake bila kumtazama sista usoni, na usiku kucha kwenye mashua, alipokuwa akizitazama taa zake, aliliwaza lile povu kuliko alivyowaza samaki.

Sasa alifunga taa ya mwisho kwenye gunia lake na kutazama barabara. Lori halijafika.

"Unalitafuta lori au unamtafuta sista?" Sumaku aliuliza. Aliitwa hivyo kwa sababu kitu chochote cha mwenzie, kiberiti, kandambili, kofia, kikipita karibu yake kilimganda. "Jamani, tangu huyu bwana aanze vidonge amekuwa mwalimu wa nidhamu. Jana kaninyima hata kuniangalia nikilewa."

Wenzake wakacheka. Karabai naye akacheka, kwa kuwa Sumaku hakuwa mtu mbaya, na ndiye aliyemkamata ukosi siku alipochungulia maji akiwa amelewa, akataka kuyafuata.

Saa moja na nusu simu ya nahodha ikalia. Lori limepata pancha, litafika saa tatu. Habari hiyo haikumshtua mtu. Mmoja alitandaza gunia akalala palepale. Chupa ya plastiki ya pombe iliyobaki usiku, ile wanayoiita ya baridi, ikaanza kuzunguka ingawa jua lilikuwa limeshachomoza. Karabai alipiga hesabu. Lori saa tatu, kupima mpaka saa tatu na nusu, baa, daftari, sanduku la bati. Hesabu haikukubali hata alipoirudia kwa kuanzia mwisho.

Alinyanyuka akamfuata nahodha, aliyekuwa amekaa kwenye ubavu wa mashua akichokonoa mwiba kwenye kidole gumba. Nahodha alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole akiwa majini, mkavu akiwa nchi kavu.

"Nahodha, leo nipe mgao wangu wa samaki."

"Kitoweo chukua. Nani kakukataza?"

"Si kitoweo. Mgao wote. Nipimie samaki hapahapa, nisiende baa."

Nahodha aliacha kidole. Alisema hilo halipo. Alisema amri ya tajiri inajulikana, samaki wote lori, pesa zote mezani, karani anaandika. Karabai alimwachia amalize. Halafu, kwa sauti ileile ya chini, akamweleza alichokuwa amekifikiria usiku. Ndoo za lori hupimwa kwa kilele, zikirundikwa mpaka dagaa wanamwagika pembeni, na kile kilele hakilipiwi na mtu. Kwa uvuvi wa leo, fungu la mtu mmoja lingekuwa sawa na ndoo ndogo tatu za namna hiyo. Yeye angechukua tatu za kufuta, zilizosawazishwa juu kwa kiganja. Vilele vitatu vibaki kwenye mashua. Karani akihesabu, ataona mashua imepata zaidi, si pungufu.

"Na wewe unapata nini?"

"Napata kuondoka."

Nahodha alimtazama usoni, kisha akatazama wale waliokuwa wakizungusha chupa. Wanaume hawa wawili walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo hawakuwahi kuongea jambo ambalo halihusu wavu, injini au hali ya maji. Sumaku akatania kutoka kule kwamba mtu wa taa anataka kufungua duka.

"Leo tu," nahodha alisema mwishowe. "Na nikiulizwa, wewe ndiye uliyening'ang'ania."

"Nimekung'ang'ania, nahodha."

Nahodha alipima mwenyewe, mbele ya wote, akafuta kila ndoo kwa kiganja kipana mpaka dagaa wakawa bapa kama uji uliopoa. Karabai aliweka ndoo moja kichwani na mbili mikononi, akaondoka bila kugeuka. Alijua akigeuka atakuta nyuso, na baadhi ya nyuso zile alizipenda.

Kwenye kizuizi cha kutokea ufukweni alikuwepo mtoza ushuru, kijana mwenye shati lililopigwa pasi na kitabu cha risiti kilichofungwa kwa uzi kwenye meza. Aliuliza karatasi. Karabai akaeleza kwamba huu ni mgao, si biashara. Mtoza ushuru akasema mgao ni pesa. Samaki ni samaki. Bakuli moja la kitoweo halina ushuru, ndoo tatu zina ushuru, na samaki wanaotoka bila karatasi ni magendo. Karabai akasema hana hata senti, hizi ndoo ndizo pesa yake. Basi alipe kwa samaki? Kitabu hakina sehemu ya samaki.

"Sasa nifanye nini, bwana ushuru?"

Kijana alinyoosha kidole, wala hakukusudia kejeli, alikuwa anasaidia. "Nenda hapo kwa Mama Chenji akukopeshe. Kila mtu anakopa hapo."

Shingo ilikuwa inaanza kumuuma. Karabai aliishusha ndoo ya kichwani, akakaa juu ya jiwe, akakohoa. Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini kwenye simu. Alitazama njia ya baa, ambayo ilikuwa fupi na tambarare. Angeweza kuingia, kukopa, na kutoka. Alilisema hilo moyoni mara mbili, na mara ya pili akaona jinsi lilivyosikika kama mambo aliyokuwa akijiambia mwaka jana.

Mkewe alimkuta hapo. Alikuwa anashuka pamoja na wanawake wawili wa chanja, wanaonunua dagaa wabichi na kuwaanika, akiwa na karai lake ubavuni. Alipomwona mumewe amekaa juu ya jiwe asubuhi hiyo, jambo la kwanza alilofanya ni kusogea karibu na kuvuta pumzi, bila kujificha. Mwaka mzima amekuwa akimsalimu hivyo. Kisha akazitazama zile ndoo.

"Baba watoto, hizi za nani?"

"Zetu. Mgao. Sikutaka kwenda kule."

Hakumuuliza zaidi. Alimgeukia mtoza ushuru akamwambia samaki hawa ni wake, yeye ni wa kikundi cha chanja, na kikundi kimeshalipa ushuru wa mwezi. Akatoa kadi kwenye pindo la kanga. Kijana akaigeuza mbele nyuma, akaukuta muhuri ni wa kweli, akaonekana kuumia kidogo.

"Umenunua kwa nani?"

"Kwa huyu."

"Kwa bei gani?"

"Hiyo, bwana ushuru, tunamalizana chumbani."

Wanawake wenzake wakaangua kicheko mpaka mmoja akashika magoti. Kijana naye akashindwa kuuzuia mdomo. Akasema basi wapite, ila angalau wamwachie konzi ya kuonja, na mkewe akamtilia konzi kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa kila kizuizi kina konzi yake na yeye alikuwa amezoea. Halafu akachukua ndoo mbili, mwenzake akachukua ya tatu.

"Nenda," alimwambia mumewe. "Usikimbie ukajiua. Lakini nenda."

Karabai alipanda kilima mguu mosi, mguu pili. Alisimama mara nne. Mara ya tatu ubavu ulimkata akainama, akaona jasho lake likidondokea vumbi. Wapita njia walimsalimu na kumkwepa kidogo, kwa kuwa mvuvi anayeyumba saa tatu asubuhi anajulikana ametoka wapi. Hakuwa na pumzi ya kuwaeleza.

Lile jengo la zahanati lilikuwa na foleni ya akina mama na watoto upande mmoja, na upande wa pili dirisha la dawa za kifua, peke yake, kama lililotengwa. Karani wa dirisha alikuwa ameshashika kitasa. Simu ya Karabai ilisema saa nne kasoro dakika tatu. Saa ya ukutani, nyuma ya karani, ilisema saa nne na dakika mbili.

"Tumefunga, mzee. Njoo kesho."

Karabai hakubishana. Aliegemea ukuta, akawa anatafuta pumzi, na kile kifua kikawa kinapiga mluzi kila kinapopanda. Karani alirudia kwamba ratiba ni ratiba, yeye si aliyeipanga. Hilo lilikuwa kweli. Aliyeipanga alikuwa ofisini mahali fulani, na pengine hakuwahi kumwona mvuvi akirudi kutoka kazini.

Sista alitokea kupitia mlango wa pembeni, kijaluba cha vidonge mkono mmoja, kikombe cha maji mkono wa pili, kama aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoungwa kwa plasta. Alimwambia karani aache dirisha limefungwa, dawa hazimezwi kwa dirisha. Kisha akamsubiri Karabai mpaka mapigo yatulie.

"Jana ilikuwaje?"

Angeweza kunyamaza. Hapo zahanati hakuna aliyemwona akimwaga, wala aliyemwona akinywa. Akamsimulia, mpaka lile povu kwenye masharubu.

Sista alisikiliza. "Fomu yangu ina visanduku viwili tu," alisema. "Kameza, hakumeza. Masharubu hayamo. Meza."

Akameza. Sista akaandika thelathini na nane, akamrudishia kadi, na akasema kwamba mambo ya dirisha na wavuvi atayapeleka kwenye kikao cha mwezi ujao. Aliyapeleka mwezi uliopita pia, alisema. Atayapeleka tena.

Karabai alirudi nyumbani akalala. Mvuvi wa usiku hulala mchana, na nyumba yao ya chumba kimoja na sebule, yenye paa la bati, ilikuwa kama tanuri, ndiyo maana siku nyingine alikuwa akilala baa penye feni. Leo alitandika mkeka nje, kwenye kivuli cha chanja, chini ya samaki wa zile ndoo tatu waliokuwa wametandazwa juu ya nyavu kuukuu. Mkewe aliwageuza kwa fagio la vijiti. Wakikauka vizuri siku mbili hizi, alisema, watapata kuzidi mgao wa baa, mvua isipowaharibia. Akasema hivyo akitazama mawingu, si mumewe.

Saa nane mchana aliamshwa na sauti ya nahodha akibisha hodi mahali pasipo mlango.

Mkewe alimletea kigoda. Nahodha akakaa, kofia magotini, macho mekundu, harufu ya glasi mbili tatu ikimzunguka. Alisema karani wa daftari kule baa amepandwa na hasira, amempigia tajiri mjini, na tajiri ameuliza huyo mtu wa taa ni nani. Ikasemwa atafutwe mwingine. Nahodha akawajibu kwamba wanaojua kuwasha taa ni wengi, anayejua kuwavuta dagaa kwa taa ni mmoja. Wakaafikiana hivi: kazi asinyang'anywe, lakini asahau mikopo ya tajiri. Si ya dharura, si ya ada ya shule.

Muda wa kulipa ada ulikuwa umebaki mwezi mmoja na nusu. Karabai alimtupia jicho mkewe. Mkewe aliendelea kugeuza samaki, polepole zaidi.

"Sawa, nahodha," alisema. "Na kesho?"

"Kesho." Nahodha aligeuza kofia. "Kesho wapo wawili wengine wanataka wapimiwe kama wewe. Mmoja ni Sumaku. Mkewe kasikia ya ndoo tatu, kamfuata mpaka kwenye kiti chake baa. Karani akasema sawa, ila za kufuta, na mashua ibaki na vilele. Amepiga hesabu ameona zinalipa."

Mkewe Karabai alicheka puani. Nahodha hakucheka. Alikuwa hajamaliza alichokuja nacho.

"Nataka upime wewe."

"Kwa nini mimi? Kiongozi ni wewe."

Nahodha alinyoosha mkono wake wa kulia juu ya chanja, kiganja chini, kama anayetaka kusawazisha wale samaki. Ule mkono, mpana, wenye makovu ya kamba, ulitetemeka. Alijaribu kuutuliza, ukatetemeka zaidi. Aliuacha hapo mpaka alipokuwa na hakika Karabai ameuona.

"Leo nilipima kwa sababu nilikuwa nimepata kidogo asubuhi," alisema. "Bila ile kidogo, ndoo ya kufuta siiwezi."

Mkewe Karabai aligeuka akaenda upande wa pili wa chanja, akajipa kazi kwenye samaki ambao hawakuhitaji kugeuzwa.

"Nitapima," Karabai alisema. "Za wote. Na za kwako nitazipima mwisho, watu wakishaondoka."

Nahodha aliutazama mkono wake kitambo, akaurudisha chini ya kofia. Aliuliza, bila kumtazama mtu, kama ile zahanati kuna mtu wa kuongea naye kabla hujawa na ugonjwa wowote, au ni mpaka ukohoe kwanza. Karabai akamwambia kuna sista mmoja, mfupi, ana mlango wa pembeni.

"Saa ngapi?"

"Wewe twende tu," alisema Karabai. "Kesho tukishapima."